Mlipuko wa arki kazini: namna ya kupima hatari kabla ya kufungua mlango wa paneli

Muulize fundi umeme yeyote wa kiwandani anachokiogopa, atakujibu kupigwa shoti. Ni kweli, lakini hiyo ni hatari moja. Ipo nyingine isiyohitaji mtu aguse waya. Umeme unaruka hewani kati ya fezi na fezi, au fezi na bati la paneli, hewa yenyewe inageuka njia ya umeme, na mwako unaotokea, ndio arki, unashinda mashine yoyote ya kuchomelea. Katikati ya arki joto linaweza kukaribia nyuzi 20,000 za Selsiasi. Shaba ya basba (vyuma vinavyosambaza umeme ndani ya paneli) inageuka mvuke na kutanuka makumi ya maelfu ya mara, ndiyo maana milango hung'oka na watu hurushwa. Aliyesimama nusu mita mbele ya paneli ameshaungua uso na mikono kabla hajajua kumetokea nini.

Chanzo mara nyingi ni kitu kidogo: bisibisi iliyoponyoka, lagi (kichwa cha kebo) iliyolegea, mjusi au panya aliyeingia kutafuta joto, vumbi la saruji lililoshika unyevu, chumvi ya hewa ya pwani kwenye vihami vya zamani, au mita ya bei rahisi iliyoachwa kwenye upande wa amperi ikapelekwa kupima volti 400.

Mwongozo huu ni kwa meneja wa kiwanda, ofisa usalama, injinia wa matengenezo, na pia mshauri anayeingia kwenye kazi hii. Niseme msimamo wangu mapema: tathmini ya arki haianzi na kununua suti. Inaanza na swali hili: arki ikiwaka hapa, breka itakata baada ya muda gani?

Kinachopimwa ni nini

Tathmini inakadiria nishati ya joto itakayomfikia mtu kifuani na usoni akiwa umbali wake wa kawaida wa kufanyia kazi. Kipimo chake ni kalori kwa kila sentimita ya mraba. Hapa nitasema kalori tu. Kalori 1.2 ndiyo mstari unaotumika duniani: hapo ngozi isiyofunikwa inaanza kupata malengelenge, yaani jeraha la moto la daraja la pili. Umbali ambao nishati imeshuka hadi 1.2 huitwa mpaka wa arki, na aliye ndani yake lazima awe amevaa vazi linalofaa.

Kanuni zinazotumika zaidi zimetoka Marekani. NFPA 70E inaeleza taratibu za kazi, na IEEE 1584 inatoa hesabu zenyewe. IEEE 1584 ilitoka mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018. Hesabu hizo zinahusu mifumo ya fezi tatu kati ya volti 208 na 15,000, kwa hiyo volti 400 na kilovolti 11 za kwetu zimo. Laini ya kilovolti 33 haimo, na mshauri akikuletea namba za 33 mwulize ametumia njia gani. Kisheria, Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na wakala wa usalama kazini, OSHA, na Kenya kuna sheria kama hiyo ya 2007. Zote zinamtwisha mwajiri jukumu la usalama wa mahali pa kazi. Zisikupe kisingizio cha kungoja mkaguzi aitaje arki kwa jina.

Hatua ya 1: Chora mfumo ulivyo leo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mchoro uliopo ofisini ni wa siku ya makabidhiano. Tangu hapo imeongezwa mashine, kebo imehamishwa, breka iliyoungua imewekewa nyingine "inayofanana". Shika tochi na daftari, tembea kuanzia transfoma hadi paneli ya mwisho.

Kwenye kibao cha transfoma andika kVA, volti za pande zote mbili na asilimia ya impedansi (kizuizi chake kwa mkondo). Kwenye kebo andika ukubwa, idadi kwa kila fezi, na urefu uliopimwa. Uliza shirika la umeme, iwe TANESCO au Kenya Power, kiwango cha juu na cha chini cha mkondo wa shoti (unaopita fezi zikigusana moja kwa moja, siyo mtu kupigwa shoti) mahali mnapounganishwa. Cha chini ni muhimu sawasawa na cha juu, sababu utaiona.

Halafu breka. Usiandike "ACB 1600" (breka ya hewa ya amperi 1,600) ukaondoka. Piga picha uso wa breka, karibu, mpaka nobu zote zisomeke: Ir ya mzigo wa kawaida, tr ya muda wake, Isd ya shoti, tsd ya ucheleweshaji, na Ii ya kukata papo hapo. Utakuta nobu zimezungushwa hadi mwisho kulia, zote. Historia yake haihitaji kusimuliwa: mota kubwa ilikuwa ikiwashwa breka inafyatuka, uzalishaji ukasimama, bosi akapiga kelele, mtu akamaliza tatizo kwa bisibisi.

Kama mchoro haupo kabisa, bajeti ya kuuchora iwe mstari wake wenyewe kwenye mkataba. Mshauri anayekubali kufanya tathmini bila mchoro na bila kufika kwenye eneo anakuuzia lebo tu.

Hatua ya 2: Tafuta mkondo wa shoti, kisha mkondo wa arki

Chukua transfoma ya kVA 1,000, kilovolti 11 kwa volti 400, impedansi asilimia 5. Mkondo wake wa mzigo kamili ni 1,000,000 ÷ (1.732 × 400), karibu amperi 1,443. Gawa kwa 0.05, unapata takriban amperi 28,900. Huo ndio mkondo wa shoti ya chuma kwa chuma kwenye upande wa volti 400, ukidhani gridi haina ukomo. Ukiingiza impedansi ya gridi na ya kebo unashuka kidogo.

Arki siyo chuma kwa chuma. Hewa ina ukinzani wake, na kwenye volti 400 mkondo wa arki unaweza kushuka hadi nusu ya shoti au chini kidogo. Kwa mfano wetu, kwenye paneli kuu, tuchukue amperi 13,000. Mtu wa kawaida atafurahi: mkondo umepungua, hatari imepungua. Asifurahi bado.

Hatua ya 3: Soma muda wa kukata

Breka kuu ni ya amperi 1,600, na Ir imewekwa 0.9, yaani amperi 1,440. Isd iko mara 8 ya Ir, hivyo sehemu ya shoti inaamka kuanzia amperi 11,520, na tsd ni sekunde 0.3. Arki ya amperi 13,000 inavuka mstari huo, na breka inakata kwa sekunde 0.3 hivi.

Sasa zungusha nobu ya Isd kutoka 8 hadi 10. Mstari umepanda hadi amperi 14,400. Arki ya amperi 13,000 imebaki chini yake. Kwa breka hiyo, huo ni mzigo mzito tu, na itangoja sekunde kadhaa kabla ya kukata. Shoti ya chuma kwa chuma ya amperi 28,900 bado ingekatwa vizuri, ndiyo maana aliyekagua upangaji wa breka kwa mkondo wa shoti peke yake hakuona kasoro yoyote.

Nishati inakwenda sambamba na muda. Tuseme hesabu ya paneli hiyo inatoa kalori 5.5 kwa sekunde 0.2. Kwa sekunde 0.3 ni kalori 8.3. Isd ikishushwa hadi mara 4 na tsd ikawa fupi kiasi kwamba ukataji mzima unaisha ndani ya sekunde 0.1, ni kalori 2.8. Nobu ikiwa kwenye 10, tunahesabu kwa sekunde 2, ambazo ndizo ukomo unaotumiwa mara nyingi kwa kudhani mtu atakuwa ameruka pembeni au amerushwa, na inakuwa kalori 55. Transfoma ni ileile, paneli ileile, fundi yuleyule. Kama aliyebanwa kwenye kona au aliye juu ya ngazi hawezi kutoka ndani ya sekunde 2, ukomo huo usitumike.

Jambo jingine linalosahaulika: breka kuu hailindi nguzo zake yenyewe za kuingizia umeme. Arki ikiwaka upande wa kebo zinazotoka transfoma, anayeweza kukata ni fyuzi au breka ya kilovolti 11. Ile amperi 13,000, ukiitazama kutoka upande wa kilovolti 11, ni kama amperi 470 tu. Fyuzi inaweza kuichukulia polepole sana. Kwa hiyo sehemu ya kuingilia kwenye paneli kuu iwe na hesabu yake na lebo yake, na mara nyingi ndiyo namba kubwa kuliko zote kiwandani.

Hatua ya 4: Fanya upya hesabu yote ukiwa kwenye jenereta

Miongozo ya nje hupita hapa haraka kwa sababu kwao jenereta ni akiba ya mara chache. Kwetu kuna viwanda, hospitali na hoteli ambako jenereta inaunguruma kila wiki, na matengenezo hupangwa siku ya umeme kukatika, kwa kuwa uzalishaji umesimama hata hivyo. Maana yake fundi anafungua paneli hasa wakati mfumo uko kwenye jenereta.

Jenereta ya kVA 1,000 yenye riaktansi ya mwanzo (kizuizi chake mara tu shoti inapotokea) ya asilimia 12 inatoa karibu amperi 12,000 kwa muda mfupi sana, kisha mkondo unaporomoka. Yenye mfumo wa kusaidia usisimuaji (unaoipa sumaku ya jenereta nguvu wakati wa shoti) hushikilia takriban mara tatu ya mkondo wake wa kawaida, yaani amperi 4,300 hivi. Isiyo nao inaweza kushuka hata chini ya mkondo wa kawaida. Linganisha na Isd ya amperi 11,520. Breka haitaiona arki hiyo kama shoti. Arki itawaka, na itaendelea kuwaka.

Ndiyo sababu paneli moja inaweza kuwa na namba mbili, ya gridi na ya jenereta, na ya jenereta ikazidi. Lebo ibebe iliyo kubwa. Pia omba mshauri apendekeze setingi za breka ya jenereta yenyewe, kwa kuwa breka ya kawaida iliyowekwa hapo bila kufikiriwa haina faida kwenye jambo hili. Kama chenjiova (swichi ya kuhama kati ya gridi na jenereta) ni ya mkono, hesabu ionyeshe hali zote, pamoja na jenereta mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Paneli za sola na betri za UPS ni umeme wa DC. Zina njia zake za hesabu na haziingii kwenye IEEE 1584, ila zisiachwe nje ya orodha.

Hatua ya 5: Pata nishati na mpaka

Kazi hii hufanywa kwa programu kama ETAP, SKM au EasyPower. Programu haijui ulichokisahau, kwa hiyo kagua vitu vichache kwenye ripoti. Umbali wa kufanyia kazi: milimita 455 kwa paneli za kawaida na za mota, 610 kwa paneli kuu za volti ya chini, 910 kwa kilovolti 11. Mpangilio wa basba: toleo la 2018 linatofautisha basba zilizosimama, zilizoishia kwenye kizuizi, na zilizolala kumwelekea mtu, hizi za mwisho humtupia joto moja kwa moja. Ukikuta paneli zote mia zimejazwa mpangilio mmoja, mtu hakufungua milango.

Kuna njia ya mkato: majedwali ya NFPA 70E yanayotoa makundi ya mavazi bila hesabu. Yanaruhusiwa, lakini yana masharti ambayo watu huruka. Kwa paneli ndogo za zaidi ya volti 240 hadi 600, jedwali linasema Kundi la 2, alimradi mkondo wa shoti hauzidi amperi 25,000 na ukataji hauzidi sekunde 0.03. Paneli iliyo jirani na transfoma yetu ya amperi 28,900 imeshatoka nje ya jedwali kabla hata hujaangalia muda.

Hatua ya 6: Punguza hatari kwanza

Dawa ya kwanza ni kukata umeme. Siyo kuzima swichi tu: tambua vyanzo vyote, pamoja na jenereta na UPS; zima; tenganisha kwa namna inayoonekana; piga kufuli, kila fundi na kufuli lake na ufunguo mfukoni mwake; bandika lebo; kisha hakikisha hakuna umeme. Kuhakikisha kuna mpangilio wake: jaribu kipimio kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima fezi kwa fezi na kila fezi kwa athi, kisha rudi ujaribu kipimio tena kwenye chanzo kilekile. Kipimio kilichokufa katikati ya kazi kinaonyesha sifuri, sawa na waya uliokufa. Tumia mita ya CAT III au CAT IV (madaraja ya usalama wa mita dhidi ya miruko ya volti) inayolingana na mahali. Na kitendo hiki cha kupima kinahesabiwa ni kazi kwenye umeme hai: vazi la arki linavaliwa mpaka sifuri ithibitishwe.

Kinachofuata ni kufupisha muda. Kushusha Isd na tsd hakuna gharama zaidi ya saa za mhandisi, ila kuangaliwe breka za chini zisije zikapitwa, kiwanda kizima kikazimika kwa hitilafu ya mota moja. Breka nyingi za kisasa zina swichi ya matengenezo: fundi anaigeuza kabla ya kufungua paneli, ucheleweshaji unaondolewa, akimaliza anairudisha. Rilei zinazoona mwanga wa arki huamuru breka ikate ndani ya milisekunde chache, na muda uliobaki ni wa breka yenyewe kufunguka. Fyuzi zinazobana mkondo hufanya kazi nzuri mradi mkondo wa arki uwe mkubwa wa kutosha kuziyeyusha haraka.

Njia nyingine ni kumwondoa mtu mbele ya paneli. Kuingiza na kutoa breka kubwa kwenye reli zake ni mojawapo ya kazi zenye hatari zaidi; ifanywe kwa kidhibiti cha mbali kama kipo. Na usidanganyike na mlango uliofungwa. Mlango wa paneli ya kawaida haujatengenezwa kuzuia mlipuko. Paneli zilizojaribiwa kwa arki zina cheti chake, na cheti hicho kinakufa mlango ukiachwa wazi.

Hatua ya 7: Mavazi

Makundi manne ya NFPA 70E yanataka vazi la angalau kalori 4, 8, 25 na 40. Vazi lazima liwe limepimwa kwa arki na namba iandikwe kwenye lebo yake. Nguo za Ulaya zinaweza kuandikwa APC 1 au APC 2 badala ya kalori. Hayo ni madaraja ya jaribio tofauti, usiyabadilishe kuwa kalori kwa kukisia. Hesabu ikizidi kalori 40, usianze kutafuta suti nene zaidi. Msukumo wa mlipuko suti hauuzuii. Kata umeme au badilisha setingi.

Sasa mambo ya mtaani. Ile fulana ya reflekta anayovaa kila mtu kiwandani ni poliesta. Juu ya suti ya kalori 40 inaweza kuyeyuka na kuwaka, na hakuna anayeiona kama tatizo kwa kuwa ni "vifaa vya usalama". Nguo za ndani za nailoni nazo huyeyuka mwilini. Chini ivaliwe pamba. Ovaroli ya kawaida ya pamba siyo vazi la arki, inashika moto. Mikono ya ovaroli isikunjwe, na kofia ya kukinga uso bila balaklava (kitambaa cha kufunika kichwa na shingo) inaacha shingo na masikio wazi.

Glavu za mpira ni za kupigwa na umeme: daraja 00 hadi volti 500, daraja 0 hadi 1,000. Zivaliwe na glavu za ngozi juu, zijazwe hewa kabla ya kila matumizi kutafuta tundu, na zipelekwe kupimwa kila miezi sita. Kwa mshtuko, kwenye volti 400 asiye na sifa akae zaidi ya mita 1 kutoka sehemu iliyo wazi, na ndani ya mita 0.3 aingie tu mwenye sifa, akiwa na glavu na kibali. Mpaka huu ni tofauti na wa arki. Unaofika mbali zaidi ndio unaoamua kamba ifungwe wapi.

Hatua ya 8: Lebo na kibali

Lebo iwe na volti, mpaka wa arki, nishati kwa umbali uliotajwa au kiwango cha vazi, na tarehe. Iandikwe kwa Kiswahili. Lebo nzuri ya Kiingereza iliyoagizwa nje inasomwa na mkaguzi. Fundi wa zamu ya usiku anaisoma kama pambo. Ripoti ya kurasa 200 iambatane na jedwali la ukurasa mmoja linalobandikwa kwenye chumba cha umeme: jina la paneli, namba, vazi, mahali pa kukatia.

Kibali cha kazi kwenye umeme hai kisainiwe na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha uzalishaji, akiandika kwa nini umeme hauwezi kuzimwa. "Tuna oda ya kesho" siyo sababu. Utashangaa ni kazi ngapi zinazopata muda wa kuzimiwa umeme pale meneja anapotakiwa kuweka jina lake kwenye sentensi hiyo.

Kumchagua mshauri

Usajili wa mhandisi kwenye bodi ya nchi yake na leseni ya EWURA au EPRA, wadhibiti wa nishati wa Tanzania na Kenya, kwa watakaogusa mitambo ni mwanzo tu. Havionyeshi kama anajua arki. Muulize: utahesabu hali ngapi za mfumo? Asipotaja jenereta bila kukumbushwa, endelea kutafuta. Umetumia mkondo wa chini wa gridi wapi? Utanipa mapendekezo ya setingi, au lebo peke yake? Faili la programu litakuwa langu? Hili la mwisho ligombanie kabla ya kusaini, vinginevyo kila badiliko dogo utalilipia kama kazi mpya.

Jihadhari na ripoti ambayo kila paneli imetoka na kundi lilelile la mavazi, na ile inayopendekeza vifaa vinavyouzwa na kampuni ya mshauri huyohuyo.

Ajali ikitokea

Kata umeme kwanza, kutoka mbali. Moto wa nguo uzimwe kwa blanketi au kwa kumbingirisha. Jeraha limwagiwe maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, mafuta wala yai. Nguo iliyogandamana na ngozi iachwe. Mpeleke hospitali hata kama anatembea na kuongea: mvuke wa moto ukishavutwa, njia ya hewa inaweza kuvimba baadaye, na aliyepitiwa na umeme apimwe moyo. Mwambie daktari wazi kwamba ni mlipuko wa umeme, ili achunguze pia macho na masikio.

Kurudia

NFPA 70E inataka tathmini ipitiwe angalau kila miaka 5. Kwetu sababu za kuipitia mapema hazikosekani: transfoma imebadilishwa na kubwa zaidi, jenereta imeongezwa, sola imeungwa, breka imebadilishwa aina. Piga picha nobu zote siku ya makabidhiano, uzihifadhi na ripoti. Mwaka ukipita zunguka na picha hizo mkononi, ulinganishe paneli kwa paneli. Ukikuta nobu imehama, lebo ya paneli hiyo ibandikwe karatasi ya onyo siku hiyohiyo, paneli isifunguliwe ikiwa na umeme mpaka setingi irudishwe au hesabu ifanywe upya.